JASHO LA MFANYAKAZI NA DAMU YA LUBUMBASHI, 1941

Bismillahi Rahmani Rahim. 

Leo tusome historia kidogo. Sisi wa Katavi tukisimama Karema tukaangalia jua linapozama, ng'ambo ya ziwa ni Kongo. Ukishuka kusini huko unafika Lubumbashi, mji ambao Wabelgiji waliuita Elisabethville. Watu wake wanaongea Kiswahili, na kilikua sana kwenye kambi za wafanyakazi wa migodi ya shaba.

Migodi hiyo ilikuwa ya kampuni ya Union Minière, iliyoanzishwa mwaka 1906. Vita vya Pili vya Dunia vilipowaka, shaba ikatakiwa kwa wingi. Kazi ikaongezeka, bei za vitu zikapanda, mshahara ukabaki nyuma. Na sheria haikumruhusu Mwafrika kuunda chama cha wafanyakazi.

Desemba 1941 wakaacha kazi, Likasi kwanza, kisha Lubumbashi. Tarehe 9 wakakusanyika kwenye uwanja wa mpira. Msemaji wao alikuwa karani, Léonard Mpoyi. Gavana wa Katanga, Amour Maron, akaja na askari. Watu wakakataa kutawanyika, askari wakafyatua risasi. Mpoyi akauawa, na makumi ya wenzake pamoja naye. Subhanallah! Walidai nyongeza ya mshahara, wakalipwa risasi. Ruhusa ya Waafrika kuunda vyama vya wafanyakazi ikaja mwaka 1946, baada ya damu kumwagika.

Utasema, huo ni ukoloni tu. Basi tazama Marekani. Julai 1892, kwenye kiwanda cha chuma cha Carnegie pale Homestead, kampuni ilitaka kupunguza malipo na kuvunja chama cha wafanyakazi. Ikaleta usiku, kwa njia ya mto, walinzi 300 wa kukodi wa Pinkerton. Wakapigana na wafanyakazi, na watu wakafa pande zote mbili. Pale mzungu alimdhulumu mzungu mwenzake. Ugonjwa huu hauna rangi, ndugu zangu. Ni mwenye mali kuliona jasho la mwenzake kuwa ni gharama ya kupunguza, na kusahau kuwa ni haki ya mja.

Mtume wetu (s.a.w.) ametuamrisha tumlipe mfanyakazi ujira wake kabla jasho lake halijakauka. Na imepokewa kwamba anayemtumikisha mtu kazi kamili kisha asimlipe, Allah mwenyewe atakuwa mgomvi wake Siku ya Kiyama. Nani atashinda kesi hiyo?

Mji wetu wa Mpanda nao ulikuzwa na mgodi. Ni madini ya risasi yaliyovuta reli kutoka Kaliua ikafika hapa mwaka 1950. Na leo vijana wetu wanachimba dhahabu, wanavuna tumbaku ya watu, wanajenga nyumba za watu. Wewe bosi wa shimo, wewe mwenye shamba, wewe mama mwenye binti wa kazi: "njoo kesho" umeisema mara ngapi? Msala wako hautalipa deni hilo. Mlipe leo.

Nawe mfanyakazi, patana malipo kabla ya kuanza, weka mashahidi, na ukidhulumiwa nenda ofisi ya kazi. Usiibe wala usichome mali ya mtu. Kudai haki si uasi.

Allah atuepushe na dhulma, ya kuitenda na ya kutendewa. Aamin. Mtumie na mwenzako asome.