Ndege zilipolala Boyoma

Mfanyabiashara wa mtaa wa Kapalata, hapa Kisangani, akitaka kwenda Dubai hupanda pikipiki hadi uwanja wa ndege wa Bangoka, kilomita 17 mashariki mwa mji, huruka hadi Kinshasa, kisha Addis Ababa. Huko wengi husinzia kwenye viti vya uwanjani wakisubiri ndege ya pili. Mjanja huomba tangu siku ya kukata tiketi aachwe Addis siku mbili tatu, atembee soko la Merkato, ndipo aendelee. Kwa mashirika ya ndege mpaka ni saa 24. Chini ya hapo unabadilisha ndege tu. Ukizidisha unahesabiwa umeshuka, na nauli inaweza kupanda. Viza nayo ni shauri jingine.

Zamani mambo yalikuwa kinyume. Wageni ndio waliolala kwetu, na hawakuombwa ridhaa.

Mwaka 1921 ndege za majini za LARA, njia iliyopewa jina la Mfalme Albert wa Ubelgiji, zilifika Stanleyville, yaani Kisangani ya leo, au Boyoma kama tunavyoiita wenyewe, kutoka Léopoldville, yaani Kinshasa. Zilifuata Mto Kongo kama mtumbwi ufuatavyo mkondo, zikitua majini, na giza likiingia safari iliishia hapo. Njia hiyo ilifungwa mwaka uliofuata, lakini desturi ya kulala njiani ilibaki. Italia ilipoingia vitani mwaka 1940 na Bahari ya Kati ikawa hatari, ndege za majini za Waingereza zilikatiza Kongo zikielekea Khartoum na Cairo, na Stanleyville ikawa kituo chao.

Lakini kituo kirefu kuliko vyote kilikuwa Faradje, kaskazini mashariki kabisa, katika jimbo lililotawaliwa kutoka mji huu. Tarehe 14 Machi 1939 ndege ya majini Corsair, ya shirika la Imperial Airways, iliondoka ziwani Uganda kuelekea Juba. Ikapotea njia. Mafuta yakikaribia kwisha, rubani Alcock aliishusha kwenye mto Dungu, mto mwembamba usio na nafasi ya ndege kama ile. Jiwe likapasua tumbo lake. Abiria walitoka salama wakaendelea na safari zao, ndege ikabaki. Mafundi walioiziba walijaribu kuirusha mwezi wa Julai, ikagonga jiwe tena. Ndipo likajengwa bwawa kuinua maji ya mto, na kando yake kikaota kijiji ambacho Waingereza walikiita Corsairville. Tarehe 6 Januari 1940 Corsair ikaruka. Karibu miezi kumi! Wakongo waliobeba mawe ya bwawa hawakupewa tiketi ya kwenda popote.

Baada ya vita Stanleyville ilizoea wageni wa siku chache. Sabena, shirika la ndege la Ubelgiji, lilikuwa na nyumba yake ya wageni mjini. Mwaka 1951 Katharine Hepburn na Humphrey Bogart walipita hapa kabla ya kupiga filamu ya *The African Queen* kwenye mto Ruiki, upande wa Ponthierville, ambayo sasa ni Ubundu.

Kisha zikaja jeti. Boeing 707 haikuhitaji kulala njiani, na abiria wa Ulaya wakaanza kuuona mji wetu kutoka juu tu, kama wanauona. Mwaka 1964 wengine walikaa bila kupenda: waasi wa Simba walipouteka mji mwezi wa Agosti, balozi mdogo wa Marekani, Michael Hoyt, alishikwa kwa siku 111, hadi makomando wa Ubelgiji waliporuka kwa miamvuli juu ya uwanja wa Simi-Simi alfajiri ya Novemba 24.

Bangoka ilijengwa baadaye, na njia ndefu ya kurukia, tayari kupokea ndege kubwa kutoka mbali. Asubuhi utamkuta pale yule mfanyabiashara wa Kapalata, begi tupu mkononi kwa ajili ya mzigo wa kurudi nao, akimuuliza karani mara ya tatu kama zile siku mbili za Addis zimeandikwa kweli.