Nyumba tupu usiku: namna ya kuilinda ukiwa kazini

Katika vitongoji vya Kigongo, wilayani Misungwi, wapo watu wengi wanaotoka nyumbani jua likizama na kurudi asubuhi. Kuna wavuvi wa dagaa, walinzi, wauguzi wa zamu, madereva, na wale wanaofanya kazi usiku jijini Mwanza. Kwa anayeishi peke yake, nyumba hubaki tupu kwa saa kumi au zaidi.

Mara nyingi mwizi wa kijijini habahatishi. Mvuvi wa dagaa hufuata mwezi: huingia ziwani wakati wa giza, kwa kuwa taa huvuta dagaa vizuri zaidi, na hupumzika mbalamwezi inapokuwa kali. Kalenda hiyo kila mtu mwaloni anaijua. Mlinzi au muuguzi naye huonekana akipita njia ileile saa ileile. Kwa hiyo, kabla ya kununua kufuli kubwa, jiulize: nani anajua kwamba nyumba yangu ni tupu, na nani yuko karibu wa kuiangalia?

Badilishaneni zamu na jirani

Anayefanya kazi usiku ana kitu ambacho jirani zake hawana: yuko nyumbani mchana. Wao wanapokwenda shambani au sokoni, nyumba zao ndizo zinazobaki tupu. Hapo pana makubaliano ya haki. Wewe unaangalia kwao mchana, wao wanaangalia kwako usiku.

Yasemeni makubaliano hayo waziwazi, yasiachwe kwenye "tutaangaliana tu". Chagueni nyumba mbili au tatu zinazoonana. Kila mmoja awe na namba za simu za wenzake. Jirani ajue unatoka saa ngapi, unarudi saa ngapi, na nani ana ruhusa ya kuingia kwako usipokuwepo. Akisikia kishindo, asitoke peke yake: apige simu kwa wengine, apige yowe au filimbi. Wasukuma wana mwano, ule wito wa hatari unaowatoa watu wote nje, na bado hakuna kengele inayoushinda.

Mjulishe pia balozi wa nyumba kumi au mwenyekiti wa kitongoji. Kama kijiji kina ulinzi shirikishi na wewe huwezi kushika doria usiku, zungumza na viongozi kuhusu mchango mwingine. Asiyechangia chochote hana uso wa kudai doria ipite mlangoni kwake.

Kufuli la nje linasema haupo

Kufuli linaloning'inia nje ya mlango humwambia kila mpita njia kwamba ndani hakuna mtu. Kitasa cha ndani ya mbao ni bora, maana hakionyeshi kama mwenyewe yupo au hayupo. Kama huna uwezo wa kitasa, angalia pale kufuli linaposhikia. Vipete vilivyofungwa kwa skrubu fupi hung'oka kwa nondo moja. Mwambie fundi atumie bolti zinazopenya mbao, na nati zikazwe upande wa ndani. Bawaba nazo ziwe ndani.

Usisahau sehemu nyingine. Dirisha liwe na nondo zilizoshikwa na ukuta wenyewe. Misumari ya bati ikunjwe kwa ndani, isiwe rahisi kung'olewa. Ukuta wa tofali mbichi unaweza kutobolewa, kwa hiyo usiweke kitanda au sanduku la thamani palepale kila mwaka. Uzio wa minyaa ukiachwa kuwa mrefu humficha mwizi kuliko unavyomzuia. Upunguze, jirani aone mlango wako.

Ufunguo usiufiche chini ya jiwe, juu ya fremu ya mlango wala ndani ya chungu. Huko ndiko kila mtu huanza kutafuta. Wa akiba mwachie mtu mmoja unayemwamini.

Taa, sauti na moto

Taa ndogo ya sola inayojiwasha jioni husaidia, hasa ikimulika mlango wa nyuma. Redio yenye sauti ya chini nayo humtia mwizi shaka. Mbwa na kanga hupiga kelele mgeni anapokaribia.

Lakini usiache koroboi au jiko la mkaa linawaka ili nyumba ionekane ina mtu. Utakimbia mwizi na kukuta majivu. Usitege nyaya za umeme mlangoni: unaweza kumuua mtoto wa jirani, na utajibu mahakamani. Zaidi ya yote, usiwafungie watoto ndani kwa kufuli la nje. Moto ukitokea hawana pa kutokea. Kama una watoto, wapeleke wakalale kwa bibi, shangazi au jirani.

Punguza kinachoweza kuibwa

Fedha zisilale ndani. Ziweke benki au kwenye simu, na namba ya siri ibaki kichwani. Sanduku la kikundi cha kuweka na kukopa lisikae kwa mtu wa zamu ya usiku, hata kama kufuli zake ni tatu na funguo ziko kwa watu watatu. Mwizi hahitaji kulifungua, atalibeba zima.

Injini ya mtumbwi, betri, paneli ya sola, cherehani na baiskeli vipige picha. Andika namba zake, na chonga alama yako mahali pasipofutika kirahisi. Bonyeza *#06# kwenye simu yako, uandike namba itakayotokea na kuihifadhi nje ya simu hiyo. Bila namba, polisi wakikamata mali yako, utathibitishaje kwamba ni yako?

Ukirudi ukakuta mlango wazi

Usiingie. Huenda mwizi bado yumo, na aliyekurupushwa gizani anaweza kuumiza. Rudi nyuma, ita majirani, piga 112, namba ya dharura, na mjulishe mwenyekiti. Usiguse wala kupanga vitu mpaka polisi waone. Kisha andikisha taarifa kituoni na uchukue namba ya jalada.

Fanya hima. Tangu Daraja la J.P. Magufuli lilipofunguliwa Juni 2025, hakuna tena kusubiri kivuko kati ya Kigongo na Busisi. Ni nafuu kubwa kwetu, lakini hata pikipiki ya wizi huvuka kwa dakika chache. Taarifa ya saa kumi na mbili asubuhi ina nguvu kuliko ya saa sita mchana.

Mtuhumiwa akikamatwa, akabidhiwe polisi akiwa hai. Sungusungu, walioanzia Usukumani na Unyamwezini miaka ya mwanzo ya 1980 na kutambuliwa kisheria mwaka 1989, wana mamlaka ya kukamata, hawana mamlaka ya kuua. Kanuni ya Adhabu inatosha: kuvunja nyumba ya kuishi kwa nia ya kutenda kosa kuna adhabu ya kifungo cha hadi miaka 14, na ikiwa ni usiku hadi miaka 20. Anayempiga mtu mpaka afe kwa sababu ya redio iliyoibwa anaweza kushtakiwa kwa mauaji, na wakati mwingine aliyeuawa hakuwa mwizi.

Kabla ya giza la mwezi ujao au zamu yako inayofuata, fanya mambo matatu: kaa na jirani mkubaliane, kagua bolti za mlango, na andika namba za mali zako. Mawili kati ya hayo hayagharimu hata shilingi.