MSAADA WENYE SHARTI: SOMO LA MWAKA 1965

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Tangu mwaka 2024, Marekani ilipoipa Kenya hadhi ya "mshirika mkuu asiye mwanachama wa NATO", vijana wa chuo hapa Chimwaga wananiuliza: "Sheikh, Kenya imeingia NATO?"

Hapana. Hadhi hiyo hutolewa na Marekani peke yake. Inafungua mlango wa silaha na mafunzo, lakini haimlazimu yeyote kuja kukupigania. Hata Japani, Korea Kusini, Australia na New Zealand ni washirika wa NATO tu. Viongozi wao walihudhuria mkutano wake wa Madrid mwaka 2022, lakini ile ahadi ya 1949, kwamba akishambuliwa mmoja wameshambuliwa wote, ni ya wanachama.

Sasa tazama yaliyotupata sisi wenyewe.

Januari 1964 wanajeshi wa Tanganyika waliasi. Mwalimu Nyerere akalazimika kuomba askari wa Uingereza wazime maasi, kisha likaundwa jeshi jipya. Ujerumani Magharibi, mwanachama wa NATO tangu 1955, ikakubali kutusaidia kuunda kikosi cha anga na polisi wa majini.

Aprili 26 tukaungana na Zanzibar, ambayo ilikuwa imeshaitambua Ujerumani Mashariki. Msimamo wa Ujerumani Magharibi ulikuwa mmoja: anayeitambua Mashariki hawezi kuwa rafiki yetu. Tanzania ikatafuta njia ya kati. Februari 1965 ikaruhusu ubalozi mdogo tu wa Mashariki Dar es Salaam, bila kuitambua rasmi. Haikutosha. Wakaondoa wakufunzi wao wa kijeshi. Mwalimu naye akaikataa misaada yao iliyobaki.

Je, aliichukia Magharibi? La. Wakufunzi waliofuata walitoka Kanada, nayo ni mwanachama wa NATO, wakakaa hadi 1970. Wachina nao walitufundisha. Alichokataa ni msaada unaokuchagulia marafiki.

Ndugu yangu, sharti si haramu. Hudaybiyya, mwaka wa 6 Hijria, Mtume ﷺ alikubali masharti yaliyowauma Masahaba. Lakini yaliandikwa, kila upande ukayajua. Banu Khuza'a wakaingia upande wa Mtume, Banu Bakr upande wa Maquraish. Banu Bakr walipowavamia Khuza'a kwa msaada wa Maquraish, Mtume ﷺ hakuwatupa washirika wake. Mwaka wa 8 akatoka na jeshi kwenda Makka. Huo ndio ushirika wa kulindana: hupimwa siku mwenzako anapovamiwa.

Basi ukisikia taifa limepata "mshirika", uliza mambo matatu. Ameahidi nini kwa maandishi? Anataka nini? Akiondoka kesho, tutabaki na nini?

Na usiwaulize wakubwa peke yao. Hapa Dodoma maji ni shida. Mfadhili akija kuchimba kisima msikitini kwenu, mshukuruni, kisha muulizeni yale yale matatu kabla ya kutia saini.

Allah atupe busara ya kupokea na nguvu ya kukataa. Amin.

Wallahu a'lam. Mfikishie na mwenzako.