Goziba Inashtakiwa kwa Ushahidi Gani? Jenomu, Popo na Marburg ya Kagera

Machi 21, 2023 Wizara ya Afya ilitangaza kwamba ugonjwa uliokuwa ukiua watu Bukoba Vijijini, mkoani Kagera, ni Marburg. Tanzania haikuwahi kuupata kabla ya hapo. Mlipuko ulipotangazwa kwisha Juni 2, watu tisa walikuwa wameugua, wanane wakiwa wamethibitishwa na maabara, na sita walikuwa wamefariki. Vijiji vilivyoguswa, Bulinda na Butayaibega, viko bara, katika kata za Maruku na Kanyangereko. Lakini taarifa za uchunguzi zilieleza kuwa mgonjwa wa kwanza alitoka kisiwa cha Goziba, wilayani Muleba, akaanza kuumwa baada ya kufika kijijini. Maelezo hayo mafupi yamebebeshwa mzigo mkubwa. Kwa wengi, Marburg ya Kagera sasa ni ugonjwa “uliotoka visiwani”, na Goziba, Bumbire, Kerebe na Ikuza zimewekwa kapu moja.

Hoja hiyo inachanganya safari ya mgonjwa na chimbuko la kirusi.

Marburg hujificha mwilini kati ya siku 2 na 21 kabla ya dalili. Siku 21 ni nyingi mno katika maisha ya mvuvi. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikipevuka kazi husimama, na wengi huitumia nafasi hiyo kuvuka kwenda nyumbani au kwenye biashara. Kambi za visiwani hukusanya watu wa Muleba, Ukerewe, Mara na hata Uganda. Kusema mtu “ametoka Goziba” ni kutaja mahali alipopandia chombo mara ya mwisho. Alipoambukizwa ni swali jingine, na mahojiano na ndugu wa marehemu hayatoshi kulijibu.

Jenomu inaweza kulisogelea jibu. Ya kirusi cha Marburg ni uzi mmoja wa RNA wenye herufi takriban 19,000 na jeni saba. Sampuli huuliwa makali kwanza, RNA hugeuzwa kuwa DNA, vipande huzalishwa kwa wingi na kusomwa kwa mashine, nyingine ndogo za kushikwa mkononi. Kompyuta huunganisha vipande, kisha jenomu iliyopatikana hulinganishwa na nyingine zinazojulikana. Kirusi kinapojinakili hukosea hapa na pale. Makosa hayo hurithiwa, na kwa kuyafuata mtafiti huchora mti wa nasaba. Hadi hapa wataalamu hawagombani. Ugomvi ni kuhusu nani asomwe: wagonjwa peke yao, au na wanyama pia.

Kisa cha Durba, kaskazini mashariki mwa Kongo, kinastahili kuzingatiwa kuliko kingine chochote. Kati ya 1998 na 2000 watu 154 waliugua huko na 128 wakafa. Zaidi ya nusu ya wagonjwa walikuwa wachimbaji wa dhahabu. Mtu aliyezoea Ebola angeona mlolongo mmoja tu: mchimbaji kamwambukiza mkewe, mke kamwambukiza muuguzi, na kuendelea. Jenomu zilikataa. Virusi vya wagonjwa viligawanyika katika nasaba zisizopungua tisa, tofauti kiasi kwamba haikuwezekana zote zizaliwe ndani ya mlipuko mmoja. Kirusi kilikuwa kimeingia kwa binadamu tena na tena kutoka chanzo kimoja, mgodi wa Goroumbwa. Mgodi ulipofurika maji, mlipuko ulikoma. Baadaye RNA ya Marburg ilikutwa katika popo wa mgodi huohuo.

Bila jenomu, Durba ingebaki kitabuni kama mlipuko mrefu uliosambazwa na watu, na lawama zingewaangukia wauguzi na familia za wafu. Uíge, Angola, mwaka 2004 na 2005, mambo yalikuwa kinyume kabisa: wagonjwa 252, vifo 227, na jenomu karibu sawa tupu. Huko kirusi kiliingia pengine mara moja tu, kisha watu wakapokezana. Kwa macho ya daktari wodini, Uíge na Durba ni ugonjwa mmoja. Kwa mtu anayetaka kuuzuia, ni matatizo mawili tofauti.

Je, Kagera ni Durba au ni Uíge? Januari 2025 ugonjwa ulirudi, safari hii Biharamulo, mkoani humohumo lakini mbali na kisiwa cha Goziba, ambako watu kumi walihesabiwa, wawili kwa uthibitisho wa maabara, na wote walifariki. Kama kirusi kilianzia visiwani mwaka 2023, Biharamulo inahitaji maelezo yake yenyewe. Lililo karibu zaidi na akili ni kwamba hifadhi ya kirusi imo ndani ya mkoa au jirani yake, katika mapango ya popo wa matunda aitwaye Rousettus aegyptiacus, na kwamba kila mlipuko ni uvukaji mpya.

Mapango ya Uganda yanaipa nguvu dhana hiyo. Wachimbaji walipoambukizwa katika mgodi wa Kitaka mwaka 2007, watafiti waliwapima popo 611 na kuwakuta 31 na kirusi. Jenomu za baadhi zilishabihiana sana na za wachimbaji. Kilichofuata kinapaswa kusomwa na kila anayetaka popo wafukizwe: wachimbaji waliwaangamiza popo wa Kitaka, lakini mwaka 2012 Marburg ililipuka Ibanda, karibu na hapo, na miongoni mwa popo waliorudi mgodini kiwango cha maambukizi kilikuwa asilimia 13, zaidi ya maradufu ya awali.

Kuna pingamizi la haki. Mlipuko wa 2023 ulizimwa kwa kutenga wagonjwa na kufuatilia waliokutana nao. Hakuna aliyeokolewa na mti wa nasaba. Ni kweli. Lakini miezi 19 baadaye kulikuwa na makaburi Biharamulo, na ufuatiliaji wa wagonjwa, hata ukifanywa kwa ufundi wote, huanza baada ya mtu wa kwanza kuugua. Wengine watasema kusoma jenomu ni ghali, lakini hoja hiyo ni dhaifu zaidi kuliko ilivyokuwa, kwa kuwa Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, tayari kinasoma jenomu za virusi vya wanyama na watu hapahapa nchini.

Kinachohitajika Kagera ni sampuli za popo, mapango yakiwa yametajwa na miezi ikiwa imeandikwa, kutoka bara na visiwani. Utafiti wa pango la Python, Uganda, ulionyesha kuwa maambukizi hupanda mara mbili kwa mwaka, popo wachanga wanapofikia umri wa miezi sita hivi. Kwa hiyo ziara moja ya kiangazi haitoshi. Inawezekana kabisa matokeo yakairudisha hatia Goziba. Ikiwa hivyo, wavuvi wa Bumbire na Goziba watakuwa na haki ya kudai kipimo na chumba cha kutengea wagonjwa kisiwani kwao, badala ya kusubiri boti na hali ya ziwa.