Nyumba za Gharama Nafuu Geita na Hali ya Wapangaji wa Mitaa Jirani

Uzalishaji katika mgodi wa Geita ulianza mwaka 2000, ukavuta wafanyakazi, wachimbaji wadogo na wafanyabiashara. Mji huo ulipokuwa makao makuu ya mkoa mpya mwaka 2012, walifuata watumishi wa umma. Ili kupunguza uhaba wa makazi, Shirika la Nyumba la Taifa (NHC), lililoanzishwa mwaka 1962, lilijenga nyumba za gharama nafuu eneo la Bombambili.

Athari za mradi wa aina hiyo haziishii kwenye uzio wake. Barabara, umeme na maji vikifika, thamani ya viwanja vya jirani hupanda. Kwa mwenye nyumba hiyo ni neema. Kwa aliyepanga chumba kimoja mambo ni mengine: Sheria ya Udhibiti wa Kodi za Nyumba ilifutwa mwaka 2005, hivyo kodi hufuata soko, na chini ya Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 mpangaji wa mwezi hadi mwezi anaweza kuondolewa kwa notisi ya mwezi mmoja. Kuhamia katika nyumba za mradi nako si rahisi. Benki hutaka uthibitisho wa kipato kabla ya kutoa mkopo wa nyumba, ilhali mchimbaji mdogo au mama lishe hana hati ya mshahara.

Ardhi inapotwaliwa, pengo hilo huwa wazi zaidi. Kanuni za fidia za mwaka 2001 zinataja thamani ya soko, posho ya usumbufu, usafiri wa mizigo hadi tani 12 ndani ya kilomita 20, faida iliyopotea, na posho ya makazi sawa na kodi ya miezi 36. Posho hiyo ya mwisho hukokotolewa kwa jengo, hivyo humwendea mwenye jengo.

Magomeni Kota, Dar es Salaam, ilikuwa tofauti. Kaya 644 zilizopisha ujenzi zilitambuliwa kwa orodha na kupewa nafasi katika nyumba mpya zilizozinduliwa Machi 2022. Ni kweli kwamba hao walikuwa wakazi wa nyumba za umma, hivyo kuwatambua kulikuwa rahisi kuliko kumtambua mpangaji asiye na mkataba wa maandishi.

Kwa mpangaji, mkataba wa maandishi na kujulikana kwa mwenyekiti wa mtaa kabla ya uthamini humpa ushahidi kwamba aliishi hapo. Mmiliki asiye na hati, katika eneo lisilopimwa, anaweza kuomba leseni ya makazi, ambayo hutolewa kwa muda wa miezi sita hadi miaka mitano. Fidia isipolipwa ndani ya miezi sita, kanuni hizo zinataka ilipwe pamoja na riba.