Abu Zayd al-Balkhi na Maradhi ya Nafsi

Mara nyingi Muislamu anapomjia sheikh akilalamika kwamba kifua kinambana, usingizi haji nao, na fikra mbaya hazimtoki, hujibiwa kwa neno moja: imani yako imepungua. Naye hurudi kwake na maradhi mawili, la kwanza na la aibu. Wanavyuoni waliotutangulia hawakuridhika na jibu hilo.

Abu Zayd Ahmad bin Sahl al-Balkhi alifariki mwaka 322 H (934 M). Alikuwa mtu wa Balkh, katika Khurasan ya zamani, ambayo leo imo Afghanistan. Wengi wanamtaja kwa elimu ya jiografia, lakini ndiye aliyeandika kitabu *Masalih al-Abdan wal-Anfus*, yaani maslahi ya miili na ya nafsi. Sehemu ya kwanza inahusu mwili. Ya pili inazungumzia hasira, khofu, huzuni na wasiwasi.

Huzuni aliigawa mafungu mawili. Iko yenye sababu inayojulikana, kama kufiwa au kupotelewa na mali. Hii hutibiwa kwa maneno na fikra. Na iko inayomshika mtu asijue imetoka wapi. Hii aliinasibisha na damu, akaelekeza itibiwe kwa tiba ya mwili. Habari za damu ni utabibu wa zama zake, hatulazimiki kuzishika. Lakini tazama kwamba hakumtuhumu mgonjwa dini yake.

Mwenye wasiwasi alimkataza kukaa peke yake. Akashauri pia kwamba mtu ajiwekee fikra njema wakati wa utulivu, kama anavyoweka dawa nyumbani kabla hajaugua.

Mafakihi nao wana kanuni: yakini haiondoki kwa shaka. Anayeshuku udhu wake kila mara haambiwi arudie mara kumi, bali aupuuze wasiwasi huo. Na Nabii Ya'qub (A.S.) alihuzunika hata macho yakawa meupe. Nani atathubutu kusema imani yake ilikuwa dhaifu?

Kitabu cha al-Balkhi kilihifadhiwa kwa hati ya mkono Istanbul, na picha ya hati hiyo ilichapishwa Frankfurt mwaka 1984. Mimi nilikaa madrasa miaka mingi, nikasoma nahau na fiqhi, bila kulisikia jina lake hata siku moja.