Kingi Moja Dhidi ya Tatu

Tukuyu ni mji wa mvua. Hupata zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na mvua ikishika, watu hujikunyata kwenye baraza za maduka. Hapo ndipo drafti hustawi: plaiwudi yenye miraba 64 na vizibo vya soda, vya mmoja vimelala kifudifudi, vya mwenzake chali.

Mchezo mkongwe kuliko drafti huku ni bao, linalochezwa pande zote mbili za Ziwa Nyasa. Wamalawi huliita bawo. Lina mashimo 32 na kete 64, wala halina suluhu: safu yako ya mbele ikibaki tupu, au ukikosa cha kucheza, umefungwa.

Drafti humwachia mnyonge upenyo. Mmoja ana kingi tatu, yaani vizibo vilivyofika mstari wa mwisho wa mpinzani, mwenzake kabaki na moja, lakini hiyo moja imeshika mstari mrefu wa kona hadi kona. Haikamatiki. Wazoefu hupeana mkono hapo hapo, sare. Wachanga hufukuzana weee, huku watazamaji wakimwaga ushauri ambao hakuna aliyeuomba.

Sataranji, pamoja na sifa zake zote, ilihangaika kwa karne nyingi na swali la mnyonge aliyebanwa. Kwa Waarabu wa kale, mfalme asiyeshambuliwa lakini asiye na pa kwenda alihesabiwa ameshindwa. Waingereza wa karne ya 17 wakageuza kibao: aliyembana mwenzake hivyo ndiye aliyepoteza! Hadi mwanzoni mwa karne ya 19 ndipo kanuni za London zilipoamua kuwa ni sare.

Usawa haukuwa wa michezoni tu: Rungwe, wilaya yenye mji wa Tukuyu, ilikuwa na shule yake. Wanaanthropolojia Godfrey na Monica Wilson, waliofanya utafiti kwa Wanyakyusa, wenyeji wa huko, kati ya 1934 na 1938, walikuta wavulana wa miaka kumi hivi wakihama kwa baba zao kwenda kujenga kijiji cha rika lao. Walilala huko, na kula walikula kwa makundi, wakizunguka kwa mama wa huyu na wa yule. Katika kitabu chake cha 1951, *Good Company*, Monica alieleza kwamba kwao akili na adabu zilipatikana kwa kuzungumza na kula na walio sawa nawe.

Vijiji hivyo vimekwisha. Kijiwe cha drafti hakiwezi kuvirithi, ila kimebaki mahali ambapo wawili hukaa uso kwa uso bila kuulizana vyeo.

Anayedhani sare ni bahati ya mnyonge apange vizibo leo jioni: ampe mwenzake kingi moja kwenye mstari mrefu, yeye achukue tatu.